Mbao za nyumba kuukuu: namna ya kuzishusha, kuzitibu na kuzirudisha kazini

Shangazi yangu wa Elburgon alinipigia simu Januari. "Mwanangu, njoo na mtaimbo, hii nyumba tuishushe." Mtaimbo niliuacha Nakuru. Nilipanda matatu na kalamu ya nta, mkasi wa bati, makopo matupu ya soda na pakiti ya misumari midogo. Aliponiona nafungua mkoba aliniuliza kama nimekuja kujenga au nimeanza biashara ya vyuma chakavu.

Mimi ni seremala, na kama kuna jambo nimelilipia ada mwenyewe ni hili: mbao za nyumba kuukuu huharibikia siku ya kubomoa. Ukizishusha kwa utaratibu, kazi ya karakana inakuwa nyepesi. Ukizishusha kwa pupa, hakuna gundi wala randa itakayokurudishia ncha zilizopasuka. Kwa hiyo usishangae mwongozo huu ukikaa sana kwenye kutia namba na kung'oa misumari, halafu ukapita mbio kwenye vanishi. Vanishi kila mtu anaijua.

Nyumba yenyewe ni ya aina wanayoijua watu wa Molo, Njoro, Elburgon na Londiani: kuta za mabanzi ya mtarakwa, sakafu na dari ya podo, paa la mabati, yote yamekalia nguzo fupi juu ya mawe. Magharibi zaidi, kuanzia Kakamega hadi Busia na ziwani, utakuta mvule kwenye milango na fremu za madirisha. Mbao hizi huwezi kwenda kuzinunua tena kirahisi. Miti ya asili kama mtarakwa na podo haivunwi kiholela msituni, na hata mbao za kupandwa zilitutoa jasho baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018. Tangazo la kuufungua lilikuja Julai 2023, lakini kwa miaka ile katikati wengi wetu tulijifunza kuangalia nyumba kuukuu kwa jicho jipya.

Kwanza, makaratasi

Ukiwa ndani ya mji, uliza ofisi ya kaunti inayoshughulika na majengo kama kazi yako inahitaji kibali. Nakuru sasa ni jiji tangu Desemba 2021, na mtu wa kaunti akikukuta umeshusha ukuta bila karatasi hatakuuliza habari za mtarakwa. Kama jengo limetangazwa kuwa turathi ya kitaifa, usiguse hata bawaba kabla ya kuzungumza na Makumbusho ya Taifa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalilinda.

Usafirishaji nao una mambo yake. Mazao ya misitu barabarani huhitaji kibali cha KFS, yaani shirika la misitu la Kenya, na polisi kwenye kizuizi hana namna ya kujua kama mtarakwa ulio kwenye pikapu umetoka kwenye ukuta wa shangazi au msituni jana usiku. Pita ofisi ya KFS iliyo karibu kabla ya kupakia, uwe na barua ya mwenye nyumba, na piga picha za mbao zikiwa bado ukutani. Mashimo ya misumari na rangi kuukuu ni ushahidi mzuri, ila si karatasi.

Na ukinunua kwa watu, muulize muuzaji zimetoka wapi mpaka akuonyeshe. Mataruma ya reli yaachie reli. Mbali na kesi unayoweza kujitafutia, taruma la mbao huwa limenyweshwa kreosoti, dawa nyeusi yenye harufu kali ambayo haifai ndani ya nyumba wanamolala watu.

Ijue mbao kabla ya kuigusa

Chukua patasi, kwangua sehemu iliyojificha, kisha nusa. Ikikujia harufu ya penseli iliyochongwa, huo ni mtarakwa. Na si kufanana tu, mti huu ulitumika kweli kutengeneza penseli. Moyo wake ni mwekundu wa kahawia, na mchwa hawaupendi. Lakini angalia ukingo: ile sehemu ya nje iliyo nyeupe haina ulinzi huo. Nimeona ubao wa mtarakwa uliotafunwa ukingo mzima huku moyo ukiwa mzima kama siku ulipopasuliwa.

Podo ni ya manjano hafifu, haina harufu, na nyuzi zake zimelala laini kiasi kwamba huoni mistari. Ndani ya nyumba ni malkia wa sakafu na dari. Nje, ikinyeshewa, haichukui muda kuoza. Saiprasi nayo ina harufu, ila ina vifundo vingi na rangi ya maziwa yaliyokaa. Mvule huanza na rangi ya dhahabu na kuiva hadi kahawia, mzito, na ndani yake mara nyingine mna vijiwe vigumu kama chokaa vinavyokula meno ya msumeno. Ukisikia msumeno unalia ghafla ndani ya mvule usidhani ni msumari kila mara.

Kisha pima afya. Zana ni bisibisi na nyundo tu. Sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono, si ya bega. Ikisimama, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye mkate, imeoza. Anza mahali maji yanapokaa: ncha za boriti zilizoingia ukutani, chini ya madirisha, miguu ya nguzo, na chini ya mabati yenye kutu. Halafu gonga kwa nyundo kutoka ncha hadi ncha. Ubao mzima hulia. Uliokufa ndani hunong'ona.

Mashimo madogo ya bungua yasikutishe peke yake. Kinachotisha ni unga. Safisha ubao, tandika gazeti jeupe chini yake, uuache wiki 2. Unga mpya ukianguka, wadudu bado wako kazini na ubao huo hauingii kwenye rundo la wenzake mpaka utibiwe. Shangazi alitaka mbao za jikoni zichomwe. "Hizo za moshi hazina maana, zimeungua ndani." Masizi yalikuwa mazito kama lami. Nilikwangua moja mbele yake mpaka wekundu ukatokea, harufu ikajaa jiko lote, na katika mbao zote za ukuta ule hatukupata tundu moja la mdudu. Moshi wa kuni wa miaka mingi ulikuwa umefanya kazi ambayo sisi huinunua kwenye chupa.

Hatari mbili za kusimamisha kazi

Ya kwanza ni rangi. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto polepole bila dalili ya kumkimbiza hospitali. Usiipige msasa ikiwa kavu, usiichome kwa moto ili ibambuke. Nyunyiza maji, kwangua ikiwa imelowa, kusanya magamba kwenye nailoni, na watoto wawe kwa jirani. Ubao wenye rangi hiyo si kuni, hata vipande vyake.

Ya pili ni asbesto. Nyumba nyingi za taasisi na za reli ziliezekwa kwa mabamba ya kijivu yenye mawimbi yanayofanana na mabati manene. Hayo ni taka hatari. Hayashushwi na kijana wa mjengo na nyundo. Wasiliana na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wakuelekeze kwa walio na leseni. Paa la namna hiyo likiwa juu yako, kazi yote ya mbao inasubiri.

Nitaongeza dogo: kama hukumbuki lini ulidungwa sindano ya pepopunda, pita zahanati kabla ya siku ya kwanza. Utachomwa na msumari. Swali ni lini tu.

Tia namba, halafu tia namba tena

Sasa makopo ya soda. Kata vipande vya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, andika namba kwa kuchora na msumari kwenye upande wa ndani wa bati, pigilia kimoja nyuma ya kila ubao. Chaki hufutika kwa mvua moja, kalamu ya wino hupauka juani. Nta hudumu kiasi, lakini bati ndiyo dawa. Mimi huandika hivi: J-3-14, yaani jikoni, ukuta wa 3, ubao wa 14 kutoka kushoto ukiwa umesimama ndani ya chumba. Hilo la "ukiwa ndani" liandike kwa herufi kubwa kwenye mchoro. Nyumba moja Njoro tulihesabu wengine kwa ndani na wengine kwa nje, na tulipoanza kurudisha, ukuta mzima ulikuwa kama unautazama kwenye kioo.

Mchoro wenyewe uchore kwenye kartoni, kila ukuta na kartoni yake, na upige picha kwa simu kabla na katikati ya kazi. Kwa nini usumbuke wakati mbao zote ni za futi 6? Kwa sababu si za futi 6. Katika nyumba kama hii kila ubao ulikatwa kufuata pengo lake. Umekaa hapo miaka mingi, umejikunja kidogo kufuata nguzo yake, mashimo yake ya misumari yanaelekeana na nguzo ile na si nyingine. Ukirudi mahali pake unaingia kwa ngumi. Ukiuhamisha, utaanza kuukata, na kila mkato ni ubao mfupi zaidi.

Kubomoa

Chagua miezi mikavu. Nakuru na Elburgon, Januari na Februari ndiyo wakati. Ukianza Machi katikati utashindana na masika. Magharibi na ziwani mvua haina adabu ya kalenda, kwa hiyo andaa turubai hata jua likiwaka.

Utaratibu ni kurudi nyuma ya aliyejenga. Kilichopigiliwa mwisho kitoke kwanza: vibanzi vya pembeni na skatingi, kisha fremu za milango na madirisha, dari, mabati, papi (mbao nyembamba zinazoshika mabati), boriti za paa, na kuta mwisho. Kabla ya kuondoa dari na paa, funga kuta kwa mbao za mshazari kwenye pembe zote. Paa ndilo lililokuwa limezishika zisimame, na ukuta mrefu bila paa upepo wa Mau ukiupata hautakuuliza.

Lakini kwanza jiulize kama kila kitu kinafaa kushuka. Nyumba ya shangazi tulishusha kuta 2, dari na sakafu ya chumba kimoja. Boriti za paa zilikuwa zimenyooka na kavu, tukaziacha juu zilipo. Mbao bora kuliko zote ni ile ambayo hukuihamisha.

Mtaimbo una kazi yake, nao ulikuja siku ya pili. Usiutumie kama shoka. Ingiza kabari mbili za mbao ngumu kati ya ubao na nguzo, karibu na msumari, gonga hii kidogo na ile kidogo mpaka pengo lifikie unene wa kidole. Ndipo ncha ya mtaimbo iingie, na chini yake uweke kipande cha ubao ili usiache alama. Inua msumari wa kwanza nusu, hamia wa pili, kisha wa tatu, urudi wa kwanza. Ukimaliza ncha moja kabla ya kugusa nyingine, ubao unapasuka katikati, na mtarakwa hupasuka kwa sauti ya kuudhi sana kwa sababu nyuzi zake zimenyooka.

Mbao za dari na sakafu za kuchomekana, zenye ulimi ukingo mmoja na mfuo ukingo wa pili, zinataka subira nyingine. Tafuta ubao wa mwisho, ule uliopigiliwa kwa misumari inayoonekana, maana ndio uliofunga safu. Mara nyingi uko kando ya ukuta, umefichwa na skatingi. Huo mmoja unaweza kuutoa mhanga: upasue katikati kwa msumeno uutoe vipande. Kisha rudi nyuma, ukisukuma kila ubao kutoka upande wa ulimi. Ukianza katikati ya sakafu utavunja ndimi zote, na ubao usio na ulimi unabaki wa kutengenezea rafu.

Misumari

Hapa ndipo siku zinapoishia. Kwa hesabu yangu, siku moja ya kubomoa inazaa siku moja na nusu ya misumari. Mwambie mwenye nyumba mapema, la sivyo ataona mafundi wameketi kwenye vigoda wakigongagonga na ataanza kuuliza analipia nini.

Msumari wa zamani haung'oki kwa nguvu, kutu imeushika. Fanya hivi. Gonga ncha yake kwa nyundo kana kwamba unaurudisha ndani, pigo moja fupi, milimita 2 tu. Utasikia "tik". Hiyo ni kutu imeachia. Sasa geuza ubao, shika kichwa kwa kucha za nyundo, weka kibanzi chini ya nyundo ili kuinua mkono, na uvute kwa kufuata mlalo wa nyuzi, kamwe si kwa kukingama. Ukitokeza nusu, sogeza kibanzi kinene zaidi. Ukivuta msumari mrefu kwa kibanzi chembamba unaupinda na shimo linakuwa mdomo.

Kwa mbao za dari na skatingi ambazo uso wake utaonekana, usitoe msumari kwa mbele kabisa. Uvute kwa nyuma kwa koleo la kung'atia, kichwa kipite ndani ya ubao. Inaonekana kama ukatili, lakini kichwa kidogo kikipita kutoka mbele kwenda nyuma huacha shimo dogo safi usoni, na mapasuko yote yanatokea nyuma ambako hakuna atakayeyaona.

Uliozama bila kichwa, ukate. Wembe wa msumeno wa chuma uliofungwa kitambaa upande mmoja unapita kati ya ubao na nguzo ukiwa bado ukutani. Mabaki yatakayobaki ndani ya ubao yapige na sindano ya chuma yatokee upande wa pili, au yatoboe pembeni kwa keekee mpaka yalegee.

Halafu sumaku. Miaka michache nyuma nilipeleka mbao kwenye mashine ya kuranda, jioni, mwenye mashine anataka kufunga na mimi nataka kufika nyumbani. Nilikuwa nimekagua kwa macho. Ubao wa tano ukalia, cheche zikaruka, na alipoizima tukakuta visu vyote vina pengo la ukubwa wa punje ya mahindi. Nililipia seti nzima ya visu, na mbao zangu zilizokuwa zimebaki alizikataa palepale. Tangu hapo kila ubao wangu hupita ukaguzi. Ng'oa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge uzi, ipitishe taratibu juu ya ubao karibu kugusa. Ikitikisika, pana chuma. Weka alama ya chaki, uchimbe. Pitisha pande zote mbili. Na ukifika mashineni mwambie mwenye mashine ukweli kwamba ni mbao za kubomolewa. Akitaka kukagua tena mwenyewe, mwache.

Kupanga na kukausha

Mbao zilizotoka zisilale chini hata usiku mmoja. Kwa mchwa, udongo ni mlango. Weka matofali au mawe yafike futi 1, juu yake boriti, kisha safu ya mbao. Kati ya safu na safu weka vijiti vya inchi 1, kila futi 2, na vijiti vyote visimame kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Vikipishana, ubao unapinda kufuata pengo. Funika kwa mabati juu tu, kando pawe wazi. Nailoni ikifunika rundo lote jasho linabaki ndani na baada ya wiki utapata kuvu nyeusi.

Zikitoka mahali pengine, zipe wiki 3 au 4 zizoee hewa ya nyumba mpya. Mbao iliyoishi kando ya ziwa Kisumu ukiipandisha Nakuru na kuipigilia siku hiyohiyo, itasinyaa ikiwa sakafuni, na sarafu ya shilingi 20 itapita katikati ya mbao.

Wakati zinakauka, tibu. Masizi na uchafu viondoe kwa brashi kavu kwanza, kisha sabuni na maji kidogo. Masizi sugu huachia kwa maji ya magadi, lakini suuza mara moja maana magadi huitia mbao weusi. Dhidi ya bungua, dawa za boroni hupenya vizuri kwenye mbao kavu isiyo na rangi. Paka mara 2, na zidi kwenye ncha. Ijue kasoro yake: mvua huifua, kwa hiyo ni ya mbao za ndani. Kuhusu oili chafu ya gari, najua kila fundi anaitumia. Kwenye nguzo ya ua, sawa. Kwenye ukuta wa nyumba hapana. Inanuka, rangi haishiki juu yake tena, na ukibadili mawazo huwezi kuitoa.

Gawa kazi kulingana na afya ya mbao

Rundo la kwanza ni zile zilizonyooka, zisizo na oza, zisizo na fundo kubwa ukingoni wala kata za zamani. Hizi tu ndizo zinazobeba uzito. Angalia hasa kata kwenye ukingo wa chini katikati ya boriti. Hapo ndipo boriti inavutwa zaidi, na kata ya inchi 1 pale ni mwanzo wa kuvunjika. Boriti ya namna hiyo ifupishe, uitumie kwenye nafasi ndogo. Paa likiwa kubwa au ukiwa na shaka, mlipe mhandisi aje saa 1 atazame.

Rundo la pili, kuta na sakafu. La tatu, zenye kasoro lakini zenye uso mzuri: rafu, vibao vya milango, madawati, fremu za picha. Shangazi alipata meza ya jikoni kutoka mbao zilizovunjika ndimi. Mbao zilizowahi kutiwa dawa ya kijani, kama za nguzo, zisiwe meza ya chakula wala ubao wa kukatia mboga.

Mguu wa nguzo uliooza hauhitaji nguzo mpya. Kata juu ya uozo mpaka ufikie mbao nzima, na uongeze kama sentimita 30 za tahadhari. Kipande kipya kiungane na cha zamani kwa mkato wa mshazari, urefu wa mkato uwe angalau mara 4 ya unene wa nguzo. Nguzo ya inchi 4, mkato wa inchi 16. Fungia kwa bolti 2 zenye washa pana (pete bapa za chuma), si misumari. Tumia mtarakwa wenye moyo mwekundu kwa mguu mpya kwa sababu ndio utakaokuwa karibu na maji, na kati yake na jiwe weka karatasi ya DPC, ile ya kuzuia unyevu. Nguzo iliyooza ilioza kwa sababu; ukirudisha mbao bila kuondoa maji umenunua miaka michache tu. Kwa shangazi sababu ilikuwa mfereji wa paa uliovuja kwenye pembe. Mfereji ulikuwa kazi ya asubuhi moja.

Zikirudi ukutani na sakafuni

Jambo linalowashika wengi: unene. Ubao wa zamani wa 6x1 ulipasuliwa inchi kamili. Wa leo ukiuweka kwenye futi kamba, mara nyingi haufiki, na ukisharandwa ndiyo kabisa. Ukichanganya sakafuni utajikwaa. Kuna njia mbili. Randa za zamani ziwe sawa na mpya, au inua mpya kwa vibanzi juu ya boriti. Mimi huchagua vibanzi kila mara. Sipunguzi podo ambayo siwezi kuinunua tena ili ifanane na saiprasi ya juzi. Njia bora zaidi ni kutochanganya: kusanya za zamani zote kwenye chumba kimoja cha mbele, na chumba kingine kipate sakafu mpya.

Mbao kuukuu ni kavu na ngumu. Toboa kwanza, hata kwa msumari mdogo, hasa ndani ya inchi 2 za ncha. Skrubu ni bora kuliko msumari, na nje tumia zilizopakwa zinki. Usitumie shimo la zamani kwa msumari uleule, hautashika. Shimo lizibe kwa kijiti cha mbao ileile na gundi, kata, piga msasa. Ukivaa barakoa wakati wa msasa utalala vizuri, vumbi la mtarakwa na la mvule huwasha kifua na ngozi.

Kumalizia: mafuta ya kitani mara 2 kwa ndani, au vanishi kama mwenye nyumba anataka kung'aa. Onyo moja tu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huwaka vyenyewe vikikunjwa pamoja kwenye pembe. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe ndani ya ndoo ya maji kabla ya kutoka kazini. Nyumba ya mtarakwa mkavu ni kiberiti kikubwa.

Baada ya mvua ya kwanza

Rudi na tochi. Tazama pembe za dari, chini ya madirisha, na miguu ya nguzo ulizoziunga. Alama ya maji ya wiki ya kwanza ni rahisi kuirekebisha.

Aprili shangazi alipiga simu tena: mlango wa chumba cha kati umekwama, nije na randa. Nilimwambia, "Shangazi, funga kamba kwenye kitasa uuache wazi." Ubao mkavu ukipata unyevu wa masika hufura, na ukiuranda ukiwa umefura, msimu wa jua utakuonyesha pengo la kupitisha panya. Mvua ya Elburgon haiishi mapema. Alivumilia kamba hadi Januari, mlango ukarudi wenyewe, na mimi nikapitisha msasa ukingoni mara tatu tu.